Ada ya Kuambiwa Hapana

Baba alituachia vyuma kumi na sita. Vilichomoza juu ya paa la chumba cha nyuma, vinne kila pembe, virefu kunizidi, na upepo ulipovipitia vilitoa sauti kama ya mtu anayeimba akiwa amefunga mdomo.

Mtu aliyelelewa mitaa hii ya Eastlands hahitaji kuelezwa vyuma vya paa vina maana gani. Mwenye nyumba anayeviacha vikichungulia mbingu anawaambia majirani kwamba hajamaliza, kwamba siku moja atapanda. Kuanzia kwetu Lucky Summer hadi unakochoka kutembea, mapaa yamejaa ahadi za namna hiyo, nyingi zimeliwa na kutu, nyingine zimefungiwa kamba za kuanikia nguo. Vya kwetu havikuliwa na kutu. Kila mwaka kabla ya mvua ndefu, Baba alileta chupa ya oili chafu kutoka karakana alikofanya kazi Industrial Area, akapanda ngazi ya mbao na kuvipaka kimoja kimoja kwa kitambaa, taratibu, kama anayempaka mtoto mafuta baada ya kumwogesha. Mimi nilishika ngazi. Alikaa huko juu kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Nikimwita na kumwuliza anafanya nini, jibu lilikuwa moja.

"Natazama."

Ni miaka sita sasa tangu tumzike. Mama anasema hajaacha kumsikia. "Leo baba yako amepanda mapema," husema asubuhi akikoroga uji, bila kuinua macho, na mimi hukaa na kikombe mkononi nikisikiliza juu. Sijawahi kumwuliza kama anatania.

Wazazi wangu walipoinunua ploti hii, jua liliingia kwa mlango wa mbele asubuhi na kutokea dirisha la jikoni jioni. Ndivyo Mama anavyosimulia. Kisha jirani wa kushoto akajenga ghorofa nne. Wa kulia akajenga sita. Wa nyuma naye akaja, akapandisha ukuta mtupu usio hata na dirisha moja, na siku walipomaliza kuupiga lipu nyumba yetu ilikuwa imezama kama kitu kilichoangushwa kisimani.

Mama ni mshonaji. Hushona sare za kwaya za makanisa ya mtaani, na mimi niliweza kupima giza lile kwa mahali ilipokuwa cherehani yake. Nikiwa darasa la pili ilikaa sebuleni, kando ya dirisha. Nikiwa darasa la tano ilikuwa mlangoni. Nilipoingia sekondari alikuwa anaitoa nje kila asubuhi, anaisogeza uani akifuata kipande cha jua kilichopungua mwaka hadi mwaka kama kipande cha sabuni. Kisha kipande kile nacho kikaisha. Akairudisha ndani, chini ya balbu inayowaka saa sita mchana. Kuta zikaota ukungu wa kijani. Nguo zetu zilikauka kwa siku tatu na hazikuacha kunuka maji. Mama, ambaye zamani alitunga uzi kwenye sindano huku akizungumza na mteja, akaanza kuniita nimtungie.

"Utanitoa gizani lini?" alikuwa akimwuliza Baba.

"Vyuma viko juu," Baba alijibu. "Wewe ngoja."

Alichotaka Mama kilikuwa kidogo sana. Chumba kimoja juu ya kile cha nyuma, dirisha moja linalotazama mashariki, cherehani chini ya dirisha. Aliwahi hata kununua kitambaa cha pazia. Bado kipo kabatini, kimekunjwa, na mikunjo yake imebadilika rangi.

Lazima niseme pia habari ya kitu tulichokiita "ile pesa". Mwaka walipojenga chumba cha nyuma, Baba alitoa fungu la akiba yao kwenye chama na hakueleza lilikokwenda. Mama alikuwa amehesabu kila kitu, mawe, mchanga, simiti, mafundi, na ile pesa haikuingia popote. Alimwuliza. Akanyamaza. Akamwuliza mbele ya mchungaji. Akanyamaza mbele ya mchungaji. Msimu mzima Mama alimwandalia chakula, akakiweka mezani na kuondoka. Nilikuwa mdogo lakini nilijua, kama watoto wanavyojua mambo ambayo hawajaambiwa, kwamba ndani ya nyumba yetu kulikuwa na mwanamke mwingine asiyeonekana, anayekula nasi. Miaka ilipopita walirudi kuongea, wakacheka tena, wakazeeka pamoja. Yule mwanamke hakuondoka. Wakigombana kuhusu chumvi, alikuwa pale.

Kitabu changu cha kwanza kilipopata mchapishaji nililipwa pesa ambayo mfano wake sikuwa nimewahi kuushika, na ambayo kwa jinsi ninavyoijua kazi hii huenda nisiishike tena. Nilimwambia Mama tujenge. Ningependa kuandika kwamba ilikuwa mapenzi matupu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka kuvisikia vyuma vile. Nilikuwa nimeandika kitabu kizima chini ya sauti yao.

Tulimwita fundi yule yule aliyejenga chumba cha nyuma, rafiki wa Baba wa miaka mingi. Siku walipomwaga zege la paa, wao wawili walikwenda soko la Burma wakala nyama choma hadi wakarudi wameshikana mabega. Mtaani alijulikana kwa mambo mawili: ukuta wake haupindi, na hataki kusikia habari ya michoro. Mtu akimtajia mhandisi, alimwambia, "Hiyo pesa ya karatasi ninunulie simiti."

Alikuja, akakataa kuketi. Alisimama nyuma ya nyumba, akaweka kiganja kwenye nguzo ya pembeni kama anayempapasa ng'ombe, akatazama juu. Kisha akasema kitu ambacho sikutarajia kukisikia kutoka kinywani mwake.

"Tafuteni mhandisi."

Mama alicheka hadi akajifuta macho kwa leso. "Wewe? Leo wewe ndiye wa kusema mhandisi? Umeokoka?"

"Mambo yamebadilika, mama watoto. Majumba yanaanguka."

"Hii si ulijenga mwenyewe?"

"Ndiyo maana nasema."

Akanywa chai akiwa wima, ikamchoma, akaenda.

"Amezeeka," Mama alisema. "Anaogopa kupanda ngazi na anaona haya kusema."

Kulikuwa na fundi mwingine, kijana mchangamfu, aliyetuahidi kuanza Jumatatu. Michoro aliyokuwa nayo ilikuwa tayari, yenye muhuri. Nikaitazama. Ilikuwa ya nyumba ya mtu mwingine, mtaa wa pili, nakala ya nakala, jina la mwenyewe limefutwa kwa wino mweupe na mahali pa jina jipya pameachwa wazi. Karatasi ile ile ilikuwa imezunguka barabara nzima. Nusu ya nyumba za mtaa wetu ni nyumba moja tu iliyotolewa nakala, na kila nakala imesimama juu ya udongo ambao mchoraji hakuwahi kuukanyaga.

"Si uichukue tu?" Mama aliniambia. "Wote wameichukua na wote wamelala salama."

Ningeichukua. Kilichonizuia ni simu za yule fundi mzee. Alinipigia kesho yake nikiwa sokoni.

"Wewe wa vitabu. Umempata mhandisi?"

"Bado, mzee."

"Mpate."

Akapiga tena Alhamisi. Akapiga Jumapili, nikasikia nyuma yake watu wakiimba kanisani, yaani alikuwa ametoka katikati ya ibada kuja kuniuliza swali lile lile. Mara ya tatu nilimwuliza kama kuna kitu anachokijua. Nyimbo zikafifia, kama za mtu anayesogea mbali na mlango wa kanisa.

"Mimi ni fundi wa mawe," akasema. "Mpate mtu wa kusema."

Basi nikampata. Alikuwa mwanamke wa rika langu, na kabla hajaja alinitumia barua ya ada kwenye simu. Nilimsomea Mama mstari kwa mstari, yeye akiendelea kushona. Ada ya kutembelea na kukagua. Ada ya kupima nguzo. Ada ya kuchimba na kutazama udongo. Ada ya mahesabu, ya michoro, ya msanifu atakayechora chumba chenyewe, ya kupeleka kwa kaunti kuidhinishwa, ya kuja kusimamia siku za zege.

Cherehani ikasimama. "Rudia hiyo ya kwanza."

"Kutembelea na kukagua."

"Yaani atutembelee, anywe chai yangu, halafu sisi ndio tumlipe? Kwetu Magharibi mgeni huja na sukari."

Nilicheka, lakini nilipojumlisha kicheko kilikauka. Ada zote pamoja zilikuwa bei ya mabati, mbao za paa, dirisha la mashariki na mlango. Niliona chumba cha Mama kikivuliwa kipande kwa kipande, hadi zikabaki kuta nne bila kifuniko, na badala ya kifuniko, bahasha ya karatasi. Nikampigia mhandisi nimwambie tumeahirisha. Nadhani alikuwa ameshazoea simu za aina hiyo.

"Usilipe yote," akasema. "Lipa ukaguzi pekee. Nije nione. Kama haiwezekani, hizo zingine hutazihitaji."

"Na ikiwa haiwezekani, ya ukaguzi inarudi?"

"Hapana, dada. Hiyo ndiyo kazi yenyewe."

Nikalipa. Mama hakuongea nami hadi jioni, na alipoongea alisema tu kwamba pesa ina namna ya kutoka nyumba hii bila kuaga. Nilijua ni pesa gani anayoizungumzia.

Alikuja Jumamosi asubuhi, amevaa gambuti za mpira miguuni, na begi mgongoni. Alikubali chai na akaisifu, jambo lililompunguzia Mama nusu ya hasira. Tulipotoka nyuma tulimkuta yule mzee wa mawe ameshafika. Amevaa koti lake la kanisani na ameshika jembe.

"Nani amekuita?" Mama akamwuliza.

"Nimekuja tu. Atataka kuchimbiwa. Nitachimba mimi."

Mhandisi akatoa kwenye begi chombo kidogo kama redio ya mfukoni. Alituambia kinasikiliza chuma kilichofichwa ndani ya ukuta. Akakiweka juu kabisa ya nguzo ya kwanza, chini tu ya paa, nacho kikalia, tii, tii, tii, kwa furaha, kama kuku aliyetaga. Akakishusha polepole. Kikalia. Akakishusha tena, urefu kama wa mkono kutoka juu.

Kikanyamaza.

Akakirudisha juu, kikalia. Akakishusha, kikanyamaza. Kutoka pale kwenda chini, hadi kwenye udongo, nguzo ile haikusema neno. Akaenda ya pili. Ya tatu. Kila moja ilitoa sauti kidogo kichwani kisha ikanyamaza mwili mzima, na mimi nilikuwa nimewahi kuona kunyamaza kwa namna hiyo. Nilikuwa nimekuona mezani petu, mbele ya mchungaji.

Kwenye ghorofa ya tatu ya jirani, mama mmoja anayetuanikia nguo vichwani kila siku aliegemea kizuizi cha roshani. "Mama! Mtatufikia lini huku juu?"

"Subiri, tunakuja!" Mama akampigia kelele. "Andaa viti!"

Mzee alikuwa anachimba mguuni pa nguzo ya nyuma. Hakuna aliyemwelekeza mahali. Jembe likashuka kwa urahisi mno. Ulitoka udongo mweusi kiasi, kisha majivu, kisha mifuko ya maziwa, vipande vya chupa, ndara moja ya mguu wa kushoto. Akaendelea. Shimo lilipofika kiunoni bado alikuwa anatoa takataka. Mhandisi akachuchumaa, akachukua ile ndara, akaigeuza, akairudisha kwa adabu mahali alipoitoa.

"Mama," akasema akisimama. "Hapa palikuwa machimbo ya mawe. Yakafukiwa kwa taka kabla hamjanunua. Chumba hiki cha chini ni chepesi, kimeelea juu yake, na kimeelea vizuri. Lakini ghorofa haiwezi. Hata ya mabati haiwezi."

"Na nguzo?"

"Nguzo ni mawe yaliyopangwa na kupigwa lipu. Vile vyuma vya juu havijashika kitu chochote. Vimechomekwa tu kama urefu wa mkono mmoja hivi."

Mama alivitazama vyuma. Kisha akamgeukia mzee aliyesimama shimoni, na sauti iliyomtoka ilifika hadi ghorofa ya sita.

"Ulituibia chuma! Ulikula nyama na mume wangu na ukamwibia chuma!"

Roshani zikajaa watu. Mtu akazima redio ili asikie vizuri. Yule mzee alipanda kutoka shimoni, akajipangusa mikono kwenye suruali, mara mbili, akaingiza mkono ndani ya koti la kanisani na kutoa kitu kilichofungwa kwa karatasi ngumu ya mfuko wa simiti.

"Mzee wako alinipa nimwekee," akasema. "Alisema isikae ndani ya nyumba hii."

Mama alikifungua, akakuta karatasi ambazo hakuweza kuzisoma kwenye lile giza la uani. Tulikwenda wote hadi kwenye geti la mbele, kwenye mwanga wa barabarani, nikamsomea. Ilikuwa ripoti ya mhandisi mwingine, ya mwaka waliojenga. Alikuwa amechimba shimo karibu pale pale. Alikuta majivu, chupa, plastiki. Aliandika kwamba chumba kimoja cha chini kinaweza kujengwa kikiwa chepesi, na kwamba mwenye ploti ameshauriwa asipandishe kamwe. Nyuma ya ripoti ilikuwa imebanwa risiti ya ada yake, jina la Baba, imelipwa yote.

"Soma pesa," Mama akasema.

Nikasoma.

"Soma tena."

Nikasoma tena. Sikuhitaji kuuliza. Alikuwa ameishika ile hesabu kichwani miaka yote, hadi shilingi ya mwisho, na sasa nilimwona akiiingiza mahali pake, ikatoshea kama kifungo kwenye tundu lake.

Aliketi kwenye kizingiti cha geti, mguu mmoja nje, mmoja ndani.

"Alikuja kwangu na hiyo karatasi siku hiyo hiyo," mzee akasema, akiongea na ardhi. "Akasema, mke wangu akijua hatatoka gizani, ataichukia hii nyumba, na mimi sina pesa ya kununua nyingine. Akaniambia nichomeke vyuma juu. Nikamwambia, mzee, huo ni uongo. Akaniambia ni vya kutazama tu. Nikachomeka."

"Na mimi nilikuuliza," Mama akamwambia. "Nilikuja hadi kwako nimemshika huyu mtoto mkono nikakuuliza kama ana mwanamke."

"Uliniuliza."

"Ukaniambia hujui."

"Nilimwapia."

Mama aliyaacha magari ya takataka yapite. Aliponigeukia alikuwa na uso ambao sijui kuuandika, na nimejaribu.

"Hospitalini," akasema, "ile wiki ya mwisho. Nilimwambia, sina hasira tena, niambie tu jina lake. Nimwite aje akuage. Akafumba macho. Nikajua anamfikiria." Akaigeuza risiti. "Miaka yote hii nimegombana na mwanamke ambaye ni karatasi."

Mhandisi alikuwa amefunga begi lake na kusimama mbali kidogo, kama anayesubiri msiba wa watu upite ndipo aombe njia. Mama akamwita.

"Kwa hivyo, msichana wangu, tumekulipa uje utuambie hapana."

"Ndiyo, mama. Pole sana."

"Hata yeye alilipa." Alivuta kamasi, akajipangusa. "Tofauti ni kwamba sisi tumeisikia wote."

Kisha akauliza swali ambalo halikuwa kwenye barua yoyote. Je, mtu anaweza kupanda pale juu? Mtu tu. Bila ukuta, bila mabati.

Mhandisi akarudi nyuma, akapima, akaandika kwenye kitabu chake. Akasema lile paa linaweza kubeba watu wawili watatu, kiti, meza, hata cherehani. Tangi la maji, hapana. Kuta, hapana. Lakini ngazi ya mbao ya zamani ingemvunja Mama nyonga. Inahitajika ngazi ya chuma yenye msingi wake mpana ulioelea, na kizuizi kuzunguka paa. Angeweza kuvichora. Akasita. "Mchoro huo una ada, lakini ndogo."

"Hiyo nitalipa mimi," Mama akasema. "Na risiti iandikwe jina langu. Nitaiweka ukutani mtu yeyote aione."

Imewekwa. Iko sebuleni, kwenye fremu, kando ya picha ya Baba. Wageni wanaokuja kuchukua sare za kwaya huisoma na kuuliza ni cheti cha nini.

Siku ngazi ilipofungwa, yule mzee alikuja na mashine ya kukatia chuma. Mama alikuwa bado hajamsamehe kwa maneno, ila alikuwa amemwekea chai na kiti. Tulipanda watatu. Ilikuwa karibu saa nne asubuhi, na kati ya ghorofa nne za kushoto na sita za kulia kuna mwanya ambao sikuwahi kuujua, na jua lilikuwa linapita humo, lote, likianguka juu ya zege letu. Mama alifumba macho. Mara ya kwanza nilidhani limemuumiza.

Mzee akaunganisha waya. Akashika chuma cha kwanza.

"Acha," Mama akasema.

"Havina kazi, mama watoto."

"Si alisema ni vya kutazama? Acha nitazame."

Akakishika chuma kwa mkono. Ile oili ya miaka sita ilikuwa haijakauka kabisa. Alipotoa kiganja kilikuwa cheusi, na kabla hajakumbuka alikuwa amekipangusa kwenye gauni lake la kazi, likabaki na alama ya vidole vitano ubavuni. Akaitazama alama ile.

"Amenipaka," akasema. Hakucheka, na hakulia.

Tukampandishia cherehani. Akatoa uzi, akaulamba ncha, akautunga mara moja.

"Mama!" Yule wa ghorofa ya tatu alikuwa roshanini na beseni lake. "Mmetufikia!"

"Wapi!" Mama akamjibu bila kuinua kichwa. "Sisi mwisho wetu ni hapa. Usitumwagie maji tu."

Sasa hupanda kila siku jua linapofika, hukaa hadi linapohama, kama saa moja na nusu hivi. Nimemwuliza mara mbili kama angependa tuvikate vile vyuma. Husema tungoje mvua zipite. Mvua zilipokaribia mwaka huu nilimwona akipita jikoni na chupa ya oili chafu na kitambaa, na sikumwuliza alikoitoa.

Mimi nimebaki chini, kwenye chumba cha nyuma, chini ya balbu. Ndiko ninakoandikia. Mara nyingine, nikiwa katikati ya sentensi, nasikia juu ya kichwa changu hatua za polepole zikitoka pembe moja kwenda nyingine, kisha kimya cha mtu aliyesimama, kisha ule wimbo wa mdomo uliofungwa. Najiambia ni Mama. Juzi nilijiambia hivyo, nikaendelea kuandika, na baada ya muda nikasikia geti likifunguliwa, na Mama akiingia kutoka kanisani akiuliza kama nimekula.

Nilimwonyesha dari kwa kidole. Alisimama mlangoni na kitambaa chake cha kichwa, naye akasikiliza.

"Amepanda mapema," akasema, akaenda kubandika chai.